Kiporo Huchacha: Vidokezo vya Kupima Timu Ligi Ikiwa Nusu

Huku kwetu mambo mawili hukutana kila mwaka. Minada ya korosho ikiwa imechanganya, Ligi Kuu nayo inafika nusu. Asubuhi watu wanabishana bei: MAMCU wameuza kwa ngapi Masasi, TANECU wameuza kwa ngapi Newala, mbona bei ya juu ya wale imeipita ya kwetu. Jioni watu walewale, vumbi la ghalani likiwa bado kwenye kola, wanahamia kibanda umiza kubishana nani bingwa.

Kinachonichekesha ni hiki. Asubuhi hakuna anayemeza bei bila kuitafuna. Atauliza: mnada wa wiki gani? Daraja la kwanza au la pili? Kabla ya makato au baada? Jioni mtu huyohuyo anafungua simu, anaikuta timu yake kileleni mwa msimamo, anafunga simu na mjadala pamoja nayo.

Basi vidokezo hivi ni maswali ya asubuhi yaliyohamishiwa jioni. Nimeyaokota katika kushindana na shemeji yangu wa Newala, ambaye ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, wa kulala na jezi. Mimi sina upande. Timu yangu ilikuwa Ndanda: jina la Masasi, uwanja wa Mtwara mjini. Ilishuka 2020, na mtu asiye na timu Ligi Kuu ana muda mwingi wa kuhesabu.

1. Msimamo ni stakabadhi ya ghala

Stakabadhi inakwambia umeshusha kilo ngapi. Haikwambii mikorosho ambayo bado ina maua itazaa ngapi. Msimamo wa ligi ni hivyohivyo: hesabu sahihi ya kilichokwisha kuingia, basi.

Ukitaka kujua nani ana nguvu leo, unahitaji kipimo kingine, na vipimo vyenyewe ni vya koo tatu. Ukoo wa kwanza hutazama matokeo tu: umeshinda, umetoka sare, umefungwa. Wa pili hutazama mabao. Wa tatu hutazama ulicheza na nani. Ukiletewa orodha yoyote ya timu bora, iwe ya gazetini au ya kijana mwenye kompyuta, ijue kwanza ni ya ukoo gani. Ugomvi mwingi wa kibandani ni wa watu wawili wanaojibu maswali mawili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ni mbishi.

2. Kiporo usikile kabla hujakipasha

Timu zinazocheza mashindano ya Afrika huacha mechi nyuma, ndizo viporo, kwa hiyo Januari unaweza kukuta moja imecheza 11 na nyingine 14. Gawanya pointi kwa mechi. Pointi 25 katika mechi 11 ni 2.27 kwa mechi. Pointi 27 katika mechi 14 ni 1.93. Aliye juu kwenye msimamo yuko chini kwenye daftari.

Hapo ndipo shemeji huingiwa na tamaa. "Tukishinda viporo vyetu vitatu tunaongoza kwa pointi saba!" Shemeji, kiporo huchacha. Derby ya Kariakoo iliyopangwa Machi 8, 2025 haikuchezwa siku hiyo. Ilikuja kuchezwa Juni 25, ikawa ndiyo mechi ya kufungia msimu kwa wote wawili, Yanga wakiwa na pointi 79 na Simba 78. Yanga walishinda 2-0, wakamaliza na 82. Shabiki wa Simba aliyejihesabia pointi 3 za kiporo hicho tangu Machi alitembea na deni miezi mitatu na nusu.

Ukitaka kukijazia kiporo namba, weka unachotarajia kwa uaminifu. Dhidi ya timu inayovuta mkia andika pointi 2.2, dhidi ya mkubwa mwenzako andika 1.3. Tatu kamili usiandike kamwe.

Kuna ujanja mwingine kwa wakati mechi zikiwa chache. Mtaalamu wa Marekani, Wesley Colley, ambaye hesabu zake zilitumika kupanga timu za vyuo za mpira wa Kimarekani, huanza kwa kuikopesha kila timu ushindi mmoja na kichapo kimoja. Aliyeshinda mechi 3 kati ya 3 hapati asilimia 100, anapata 4 juu ya 5, yaani 80. Sare hesabu nusu. Ni dawa nzuri ya Septemba, mwezi ambao kila shabiki ni bingwa.

3. Nunua daftari, mwite Elo

Arpad Elo alikuwa profesa wa fizikia, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na mcheza sataranji hodari. Shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kutumia mfumo wake 1960, la dunia likafuata 1970, na FIFA wakauchukua kwa timu za taifa za wanaume 2018. Aliyewahi kucheza bao au drafti chini ya mwembe ameshauelewa bila hesabu. Ukimfunga fundi unapata heshima kubwa. Ukimfunga mtoto hupati kitu. Ukifungwa na mtoto, rudi nyumbani kimyakimya.

Kwenye daftari inakwenda hivi. Kila timu ianze na 1500. Kabla ya mechi, toa namba ya timu moja kwenye ya nyingine. Tofauti ikiwa 0, kila mmoja anatarajiwa kupata 0.50 ya mchezo. Tofauti ya 50 humpa mkubwa 0.57; ya 100 humpa 0.64, ya 200, 0.76, ya 300, 0.85, ya 400, 0.91. Yaandike haya nyuma ya jalada na huhitaji kompyuta.

Tuseme Kitangari wana 1500 na Nanyamba wana 1600. Nanyamba wanatarajiwa 0.64, Kitangari 0.36. Ushindi ni 1, sare 0.5, kichapo 0. Toa kilichotarajiwa kwenye kilichopatikana, kisha zidisha kwa 20. Nanyamba wakishinda, wanaongeza 7 tu. Kitangari wakishinda, wanavuna 13. Wakitoka sare, Kitangari wanachukua 3 kutoka kwa Nanyamba, na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana sare hiyo imemuuma mmoja kuliko mwingine. Timu moja inachopata ndicho mwenzake anachopoteza. Hakuna pointi inayozaliwa wala kufa, kwa hiyo ukijumlisha ukurasa mzima na hesabu haifungi, umekosea mahali.

Ile 20 ndiyo mpini wa jembe. Ukiweka 5, daftari linakuwa zito, linakumbuka mambo ya mwaka juzi. Ukiweka 60, linashtuka kila wikiendi. FIFA wenyewe hubadilisha kulingana na mechi, kuanzia 5 kwa ya kirafiki nje ya kalenda yao hadi 60 kwa robo fainali ya Kombe la Dunia na kuendelea.

Jihadhari na mambo mawili. Hiyo 0.64 si uwezekano wa kushinda. Ni ushindi na nusu ya sare vikichanganywa, na ligi yetu ina sare nyingi. La pili, usilinganishe namba za madaftari mawili. Mfumo wa FIFA umekunjuliwa kwa kipimo cha 600 pale ambapo Elo wa kawaida anatumia 400, kwa hiyo 1600 ya huku na 1600 ya kule ni kama kilo na bakuli la mlanguzi wa kangomba. Linganisha nani amemzidi nani, na kwa uwezekano gani.

4. Mabao matano si ushindi mara tano

Novemba 5, 2023 Yanga waliwafunga Simba 5-1. Mei 6, 2012 Simba walikuwa wamewafunga Yanga 5-0. Julai 1977 Simba 6-0. Namba hizi haziruhusiwi kutajwa kwenye baadhi ya harusi.

Swali la mpimaji: zina uzito gani? Hapa ndipo vipimo vinapogombana kweli. Daftari la FIFA la wanaume halijali kabisa. 1-0 na 6-0 ni kitu kimoja. Daftari la FIFA hiyohiyo la wanawake, ambalo limekuwepo tangu 2003, linajali mabao na linajali uwanja wa nyumbani. Shirika moja, majibu mawili. Kisha kuna Elo ya mpira wa dunia ambayo mashabiki hupenda kuinukuu: ushindi wa bao moja unazidishwa kwa 1, wa mabao mawili kwa 1.5, na kuanzia matatu unachukua tofauti ya mabao, unajumlisha 11, unagawanya kwa 8. Kwa hesabu hiyo 5-1 inabeba 1.875, haifiki hata mara mbili ya 1-0. Ile 6-0 inafika 2.125.

Mimi nipo upande huu wa tatu. Bao la kwanza linasema mengi, la pili linathibitisha, la tano mara nyingi linasema beki alishakata tamaa na kocha kaanza kuwaza safari ya kurudi. Lakini kulitupa kabisa kama wanavyofanya FIFA ni kutupa habari uliyoilipia kiingilio.

Wa tofauti ya mabao nao wasikilize hili. Uingereza hadi 1976 waligawanya mabao ya kufunga kwa ya kufungwa badala ya kutoa. Australia, kwenye mpira wao wa duaradufu ambao goli ni pointi 6 na mpira uliopita pembeni ya goli ni pointi 1, wanagawanya mpaka leo, kisha wanazidisha kwa 100 na kuita asilimia. Jaribu: timu moja imefunga 30, imefungwa 15. Nyingine imefunga 12, imefungwa 4. Kwa kutoa, ya kwanza ina 15 na ya pili 8. Kwa kugawanya, ya kwanza ina asilimia 200 na ya pili 300. Ukipenda mabeki, gawanya. Ukipenda washambuliaji, toa. Ndiyo maana sishangai shemeji anatoa.

5. Nyumbani ni wapi hasa?

Kutoka Masasi kwenda Newala unaacha tambarare na vilima vyake vya mawe, unapanda uwanda kwa kona. Ukipanda nyuma ya Fuso na wachezaji kumi na nane, magoli ya kubeba na ndoo ya maji, unafika miguu imekufa ganzi, baridi inakupiga, na watoto wa kule wanakuzomea kwa Kimakonde. Atakayesema uwanja wa nyumbani hauna pointi hajapanda Fuso hilo.

Elo ya mpira wa dunia humwongezea mwenyeji 100 kabla ya mechi kuanza. Ukiongeza hiyo, Kitangari wa pale juu wakiwa nyumbani wanakuwa sawa na Nanyamba: 0.50 kwa 0.50. Daftari la FIFA la wanaume halimwongezei mwenyeji chochote.

Ligi yetu ina mtego wake hapa. Derby ya Kariakoo ikichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliopewa jina la mtoto wa Lupaso, Masasi, mwenyeji ni wa kwenye karatasi tu: jiji ni moja na majukwaa yamegawanywa. Mwenyeji wa namna hiyo mpe 0. Halafu kuna klabu ambazo uwanja wao umefungiwa na zinacheza "nyumbani" mkoa mwingine. Kabla ya kumwongezea mtu 100, soma ratiba mpaka mwisho wa mstari, pale penye jina la uwanja.

Ligi ikiwa nusu jambo hili linauma zaidi. Timu 16 zikishakutana mara moja, kila moja imecheza mechi 15, na 15 haigawanyiki kwa mbili. Kuna aliyecheza nyumbani 8 na kuna aliyecheza 7, na kuna aliyemaliza wakubwa wote akiwa kwake. Huyo wa mwisho mtazame vizuri duru ya pili.

6. Pointi za mezani zibaki mezani

Timu ikipewa ushindi na kamati, kwenye msimamo andika. Kwenye daftari la nguvu, ruka. Hakuna aliyekimbia.

7. Usianze na ukurasa mtupu, wala usiamini sana wa zamani

Nimesema kila timu ianze na 1500. Hiyo ni kwa mwaka wa kwanza wa daftari lako. Mwaka unaofuata, ianze na namba yake ya mwisho ikiwa imevutwa kuelekea katikati, tuseme kwa theluthi. Aliyemaliza na 1650 anaanza na 1600. Aliyemaliza na 1380 anaanza na 1420. Wachezaji wanaondoka, makocha wanafukuzwa, na ubora wa mwaka jana una bahati ndani yake.

Aliyepanda daraja wengi humwanzisha chini, kama 1400. Mimi hufanya hivyo, ila moyo unasita, kwa sababu ya msimu wa 2019/20. Namungo wa Ruangwa, majirani zetu wa Lindi, walipanda wakamaliza wa nne msimu wao wa kwanza. Msimu huohuo Ndanda wetu, waliokuwepo tangu 2014, wakashuka. Daftari la ukurasa wa kwanza lingewapanga kinyume kabisa. Linalookoa ni kwamba Elo hujisahihisha. Mpaka nusu ya ligi Namungo wangekuwa wameshapanda wenyewe.

Dirisha dogo la usajili nalo linafunguliwa katikati ya haya yote. Akiingia mshambuliaji mpya, namba za daftari ni za timu ambayo haipo tena. Usizibadilishe kwa mkono kwa sababu umesikia redioni huyo jamaa ni hatari. Ongeza mpini: badala ya 20 tumia 30 kwa mechi nne au tano za mwanzo wa duru ya pili, uiache timu ijieleze. Na Kombe la Mapinduzi la Januari, ambako makocha hujaribu vijana, mimi hulipa 10.

CAF wana njia yao ya kusahau polepole. Hupima nchi kwa misimu mitano, wa karibuni ukizidishwa kwa 5, unaofuata kwa 4, mpaka wa nyuma kabisa kwa 1. Fainali ya Kombe la Shirikisho waliyocheza Yanga 2023 na ile waliyocheza Simba 2025 zinahesabiwa humo, lakini ya Yanga inayeyuka mapema zaidi. Nimemweleza shemeji. Amesema hesabu hiyo ina hila.

8. Mkeka nao ni kipimo, ila umekatwa makato

Odi za kampuni za kubeti ni daftari la mtu mwingine, tena mtu anayeweka pesa yake. Zisome hata kama hubeti. Gawanya 1 kwa odi. Ukikuta 1.50 kwa mwenyeji, 4.00 kwa sare na 6.00 kwa mgeni, unapata asilimia 66.7, 25 na 16.7. Jumlisha: 108.4. Hakuna mechi yenye asilimia 108. Hizo 8 na ushee ndizo makato, kama yale unayoyajua kwenye malipo ya korosho, isipokuwa hapa hupewi karatasi ya kuyaonyesha. Gawanya kila moja kwa 108.4 ndipo upate wanachoamini kweli: mwenyeji hapati 66.7, anapata kama 61.5.

9. Pima kipimo

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningekiweka cha kwanza kama kingekuwa kitamu. Kila mfumo unaweza kueleza mechi ya jana. Uulizwe ya kesho, na jibu liandikwe kabla ya filimbi.

Australia wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Chuo Kikuu cha Monash kimekuwa kikiendesha tangu 1995 shindano la kutabiri mpira wao ambalo halikupi alama kwa kutaja mshindi tu. Unataja uwezekano. Ukisema asilimia 55 na ukapatia, unapata kidogo. Ukisema 95 na ukapatia, unapata nyingi. Ukisema 95 na ukakosea, unachimbiwa shimo ambalo utatumia wiki kadhaa kulipanda.

Njia rahisi ya hapa kibandani ni hii. Andika ulichotarajia, mfano 0.60. Timu ikishinda, kosa lako ni 0.40, lizidishe kwa lenyewe, 0.16. Jirani aliyeandika 0.90 ana kosa la 0.01 tu. Timu ikifungwa, wewe una 0.36 na yeye ana 0.81. Ikiwa sare, wewe 0.01, yeye 0.16. Jumlisha makosa, mwenye kidogo ndiye mpimaji. Washindanishe hivyohivyo msimamo, Elo, mabao na mkeka, kila kimoja na safu yake, na weka safu ya tano ya mjinga anayeandika 0.50 kila mechi. Utashangaa ni wajuzi wangapi wanapigwa na mjinga huyo.

Usitoe hukumu baada ya mechi kumi. Nusu ya ligi ina mechi 120. Hapo ndipo tofauti ya kweli huanza kujitenga na bahati. Na kama safu mbili zinakaribiana, chukua wastani wake. Kwangu wastani wa Elo na mkeka huwa haushindwi kirahisi, maana makosa yao hayafanani.

10. Daftari litunzwe na mtu wa tatu

Mwaka jana shemeji aliandika 0.70, na baada ya mechi tarakimu ile ya saba ilionekana inafanana sana na moja. Kwa hiyo sasa daftari linakaa kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga mlangoni mwa kibanda. Anatuandikia yeye, kwa kalamu yake, na haangalii mpira. Kuna kiporo Jumatano. Mimi nimesema 0.55. Shemeji amepiga simu kutoka Newala akasema 0.85, akakata kabla sijacheka.